Hewa ya Ua Si ya Mpiga Rangi Peke Yake

Januari mwaka jana nilipulizia rangi ya chungwa lori dogo nililolitengeneza kwa makopo ya maziwa. Nilisimama chini ya rakuba yetu hapa Malakia nikiwa na kompresa ya kuazima, bunduki ndogo ya rangi na kitambaa nilichojifunga puani. Lori lilitoka zuri. Jioni bibi yangu, ambaye ua mzima tunamwita Haboba, alikwenda kuuanua mtama aliouanika kwenye mkeka, hatua kumi na mbili kutoka pale niliposimama. Alichota konzi moja, akaisogeza karibu na macho, akaniuliza: "Mjukuu wangu, mtama huu umeota kutu?"

Nikamjibu kwamba ni vumbi la barabarani. Usiku nikamwona anauosha ili asubuhi ukasagwe unga wa uji wa watoto. Hapo ndipo nilipokiri. Tuliumwaga mtama wote, na kwa wiki mbili nilikula chakula changu bila kumtazama usoni. Kopo la rangi nililitafuta takatakani nisome kilichomo ndani. Lilikuwa na jina la rangi na picha ya gari. Zaidi ya hayo, halikusema kitu.

Insha hii ni ya ugomvi. Nagombana na wenzangu wote tunaopenda kupaka rangi vitu nyumbani: magari ya makopo, fremu za baiskeli, helmeti, tangi za pikipiki, vibao vya maduka. Nasema hivi: asiye na kibanda kinachonyonya hewa na kuitoa nje asipulizie rangi katika ua wa watu. Na nasema zaidi kwamba kibanda hicho si anasa ya Wazungu. Kinaweza kujengwa hapa hapa, kwa vitu vinavyouzwa Konyo Konyo, na mtu aliyeweza kupata kompresa hana udhuru wa kukikosa.

Kwanza tutazame mahali tunapoishi. Malakia ni miongoni mwa mitaa ya zamani ya Juba. Jina lenyewe, katika Sudani ya enzi ile, lilipewa makazi ya raia na askari waliomaliza utumishi wao, yaliyoota pembeni mwa kambi za jeshi. Tangu hapo watu wameongezeka, viwanja havikuongezeka. Ua mmoja hubeba familia tatu au nne. Mama anapika chai kwenye kanuni ya mkaa, mtoto anatambaa, mgonjwa amelala kitandani chini ya mwembe, nguo zimeanikwa, mtama umetandazwa. Mtu anayewasha kompresa katika ua kama huu hawezi kusema anafanya jambo lake binafsi. Kila anachopuliza kina majirani.

Bunduki ya rangi huipasua rangi iwe matone madogo mno. Sehemu yake hunasa kwenye kitu unachokipaka, na sehemu kubwa huruka pembeni, ukungu ambao macho huuona kwa muda mfupi kisha huupoteza. Tunadhani umekwisha. Pamoja na ukungu huo kuna mvuke wa thina, usioonekana tangu mwanzo. Mvuke wa thina nyingi ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi. Hushuka, hutambaa chini, hukaa kwenye mashimo na pembe za ukuta. Hebu fikiri ni nani wanaoishi chini katika ua: mtoto mchanga kwenye mkeka, bibi aliyeketi kwenye kibanda chake kifupi cha kamba, na kanuni yenye makaa mekundu. Mvuke huo huwaka. Fundi amesimama wima anatazama kazi yake, na hatari inapita chini ya magoti yake kuelekea motoni.

Sasa nije kwenye nyudhuru, maana nimezisikia zote, na nyingine nimezisema mimi mwenyewe.

Udhuru wa kwanza ni maziwa. Kutoka Juba hadi Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, mpiga rangi akimaliza kazi hunywa maziwa, akiamini yatamwondolea sumu kifuani. Nimewaona watu wazima, wenye akili na watoto wanaosoma, wakidai maziwa kama sehemu ya ujira. Wanafunzi wenzangu, maziwa huenda tumboni. Rangi tuliyoivuta iko kwenye mapafu, na kutoka huko imeingia kwenye damu. Njia hizi mbili hazikutani ili maziwa yaisafishe rangi. Anayependa maziwa na ayanywe kwa sababu ni chakula. Lakini mwajiri anayempa kijana pakiti ya maziwa badala ya feni na barakoa anamnunua kwa bei ndogo sana, na kijana anashukuru.

Udhuru wa pili ni kitambaa. Kitambaa huzuia matone makubwa, yale ambayo huenda yangeishia puani. Ukungu mwembamba hupita. Hata zile barakoa nyeupe tulizozizoea wakati wa korona, zilizo bora miongoni mwao, huchuja chembe tu; mvuke wa thina hupita katikati yake kana kwamba hakuna mlango. Barakoa ya kazi hii ni ile ya mpira inayobana uso, yenye vikopo viwili vya mkaa maalumu wa kunasa mvuke, na vikopo hivyo huchoka na kuhitaji kubadilishwa. Ukisikia harufu ya thina ukiwa umeivaa, ama haijakukaa vizuri ama vikopo vimekwisha.

Udhuru wa tatu ndio wenye nguvu kuliko yote: "Mimi napulizia nje, hewa ni ya Mungu." Ningeukubali kama nje yetu ingekuwa nje kweli. Ua uliozungukwa na kuta, mabati na nyumba pande zote ni chumba kisicho na dari. Halafu kuna vumbi. Kila mpiga rangi wa Juba analijua vumbi la kiangazi, linavyotua juu ya rangi mbichi na kuharibu kazi ya siku nzima. Basi tunafanyaje? Tunafunga. Tunatundika mahema ya nailoni pande nne za rakuba, tunaziba kila tundu, tunaingia ndani na kuanza kupuliza. Tunakiita kibanda cha rangi.

Hapa ndipo kosa lilipo. Kuna kibanda cha kulinda rangi, na kuna kibanda cha kumlinda mtu. Cha kwanza huzuia vumbi lisiingie. Cha pili huondoa sumu isibaki. Kibanda kizuri hufanya yote mawili, lakini sisi tumechukua nusu ya kwanza tu, tena ile isiyotuhusu sana, na tumejifungia ndani pamoja na nusu ya pili. Lori langu lingeweza kuvumilia chembe mbili za vumbi. Ningezisugua kwa msasa. Mapafu hayapigwi msasa.

Udhuru wa nne ni wa mafundi: "Watu wa Katwe na Kamukunji wanapulizia miaka thelathini, na wako hai." Ni kweli wako hai, wale tunaowaona. Sisi huwahesabu waliopo kazini; hatuwahesabu waliorudi kijijini na kikohozi kisichopona, maana hawapo tena barabarani tuwaone. Walio na kazi ya kuhesabu wamehesabu. Mwaka 1989 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya upakaji rangi katika kundi la kwanza la mambo yanayosababisha saratani kwa binadamu. Sisemi kwamba mwanafunzi anayepaka gari la kopo Jumamosi moja kwa mwezi ana hatari sawa na fundi wa kila siku. Nasema tusiwafanye mafundi kuwa ushahidi wa usalama ilhali wao ndio ushahidi wa madhara.

Kuna na madini ya risasi. Kwa miaka mingi rangi za mafuta za njano na chungwa zimekuwa zikitiwa kromati ya risasi ili zing'ae. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, katika ubongo unaokua. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linazishauri nchi ziweke sheria ya kutoruhusu zaidi ya sehemu 90 katika milioni. Kopo langu lisilo na maandishi lilikuwa na sehemu ngapi? Mtama wa Haboba ulikuwa na ngapi? Katika mji huu tunaijua risasi ya aina nyingine, ile inayosikika ikija. Hii haina mlio.

Baada ya tukio la mtama, baadhi ya rafiki zangu walinishauri ninunue kibanda. Wengi mmeviona: visanduku vya plastiki vinavyokunjwa kama mkoba, vyenye taa ndani, feni moja au mbili nyuma, na bomba jembamba. Vimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaopaka sanamu ndogo za mezani kwa brashi ya hewa na rangi ya maji. Kwa kazi hiyo vinaweza kufaa. Kosa letu ni kudhani kwamba kikiitwa kibanda basi kinatosha kwa bunduki ya rangi, thina na fremu ya baiskeli.

Hesabu yake si ngumu. Ili ukungu usikurudie usoni, hewa inayoingia kwenye mdomo wa kibanda inapaswa kwenda kwa kasi ya kama nusu mita kwa sekunde. Chukua mdomo wenye upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 40. Eneo lake ni mita za mraba 0.24. Zidisha kwa 0.5, unapata mita za ujazo 0.12 kwa sekunde, yaani kama mita za ujazo 432 kwa saa. Feni ya kompyuta ya milimita 120 husukuma takriban mita za ujazo 100 kwa saa, tena ikiwa haijazuiwa na kitu. Weka chujio mbele yake na bomba nyuma yake, nguvu hiyo hupungua sana. Kwa hiyo anayebandika feni mbili za kompyuta nyuma ya boksi na kusema amemaliza, amejenga pambo. Kabla ya kununua au kujenga chochote, pima mdomo, piga hesabu, kisha soma namba iliyoandikwa kwenye feni. Ikiwa haikuandikwa, mwulize muuzaji. Asipojua, usinunue.

Changu nilikijenga kwa siku mbili pamoja na binamu yangu. Sanduku ni la plaiwudi, wazi upande mmoja. Ukuta wa nyuma ni wavu wa waya ulioshikilia tabaka mbili za chujio la nyuzi, aina inayonasa rangi ikiwa bado mbichi. Nyuma ya chujio kuna nafasi tupu, kisha feni ya kutoa hewa, kisha bomba la bati pana kama mdomo wa feni yenyewe, lisilo na kona nyingi, linalopanda hadi juu ya paa la nyumba. Bomba jembamba huikaba feni, na kona moja kali hula hewa kuliko unavyodhani. Taa iko nje ya sanduku, inaangaza kupitia kioo, kwa sababu swichi au taa inayocheza huweza kutoa cheche. Mota ya feni nayo isiwe ile ya brashi za kaboni iliyokaa katikati ya njia ya mvuke. Umeme tunautoa kwenye jenereta, nayo ikae mbali. Gharama yote haikufika nusu ya bei ya kompresa yenye afya, na mbao zilikuwa mabaki ya kitanda.

Siku ya kwanza hatukufungua rangi. Haboba alitoa ubani, tukauwasha kwenye kifuniko cha kopo, tukauweka mbele ya mdomo wa kibanda na kuwasha feni. Moshi ulielekea ndani upande wa kulia, na upande wa kushoto ukaturudia usoni. Tukakuta tundu kwenye maungio ya mbao. Tukaliziba, tukawasha ubani tena, na safari hii moshi wote ulinywewa. Tuliuzima ubani, tukautoa uani kabisa, ndipo tukagusa kopo la rangi. Kipimo hiki hakihitaji maabara. Kila nyumba ya Malakia ina ubani au udi, na moshi wake hauna sababu ya kutudanganya.

Lakini nisije nikawauzia uongo mpya badala ya ule wa maziwa. Kibanda kina mipaka, na anayekisifu bila kuitaja mipaka hiyo naye ni wa kugombezwa. Chujio hunasa chembe za rangi. Mvuke hupita, ndiyo maana bomba lazima lipande juu ya paa na lisielekezwe kwenye dirisha la jirani. Kumhamishia jirani sumu yako si usalama, ni ujanja. Barakoa ya vikopo bado inavaliwa. Kanuni zote za mkaa uani zinazimwa kwanza, na anayeuza chai anaulizwa, haamrishwi. Kazi yake inalisha watu, yangu ni mchezo wa Jumamosi. Mtama na maji vinafunikwa na kuingizwa ndani. Petroli haitumiki kuwa thina, hata ikiwa rahisi namna gani.

Na kuna rangi moja ambayo haifai kupuliziwa nyumbani kabisa, kibanda kiwepo kisiwepo: ile ya magari inayochanganywa na hadena. Hadena nyingi za aina hiyo zina isosianeti. Kemikali hiyo huweza kuudhuru mwili usioonyesha dalili leo, kisha siku moja mwili ukaamua kuikataa, na kuanzia hapo hata kiasi kidogo mno kikaleta pumu kali. Pua haikuonyi mapema, kwa kuwa inaweza kufikia kiwango cha hatari kabla hujasikia harufu. Barakoa ya vikopo si kinga ya kutegemea; mafundi wa karakana zilizokamilika huvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Kama huna hiyo, wachie wenye nayo.

Najua jibu litakalonijia: "Basi unatuzuia maskini tusifanye sanaa." Hapana. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia brashi na rangi ya mafuta ya kung'aa juu ya vipande vya ubao. Alifariki mwaka 1972, na hadi leo dunia nzima inaita mtindo ule kwa jina lake. Brashi haina ukungu. Harufu inabaki, na hewa bado inahitajika, lakini mtama wa jirani unabaki mtama. Asiyeweza kujenga kibanda mwezi huu ashike brashi mwezi huu. Na anayeweza kupata rangi ya maji aitumie, akikumbuka kwamba ikipulizwa nayo huwa ukungu wa chembe, na kuitwa ya maji hakuifanyi ya kunywa. Tunaloliona kuwa sanaa ni ule mng'ao laini wa bunduki, kwa sababu unafanana na bidhaa ya kiwandani. Kiwanda kina feni kubwa kuliko chumba chako. Tusiige mng'ao wake tukaacha feni yake.

Neno la mwisho ni kwetu sisi tunaosoma lugha hii, na kwa walimu wetu. Kwenye makopo yanayouzwa Juba nimesoma maonyo kwa Kiingereza, kwa Kiarabu, mara nyingine kwa Kichina, na mara nyingi hakuna onyo lolote. Nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2016, na rangi nyingi huja kwa barabara ya Nimule pamoja na lugha yetu. Darasani tumejifunza kuchambua tashbihi na kuhesabu mizani. Nilipotaka kumweleza binamu yangu kwa nini feni ivute hewa badala ya kuisukuma usoni mwake, nilikwama, nikaanza kuonyesha kwa mikono. Lugha inayoweza kutunga utenzi inaweza pia kuandika mistari minne ya onyo kwenye kopo la rangi. Kama sisi hatutaiandika, itaandikwa na nani?

Haboba ameanika mtama mpya wiki hii. Lori la makopo bado liko juu ya kabati, la chungwa, na sijapata moyo wa kumpa mtoto yeyote alichezee. Anayetaka kubishana nami aje Malakia, alete kibanda chake, tukipime kwa ubani. Moshi ukiingia ndani wote, nitamwomba radhi mbele ya darasa. Ukimrudia usoni, na aiweke bunduki chini.